Macho Mapya ya Mama Yeojin

Kilichokuwa kikimtia Bunrye wazimu si kazi. Kazi aliizoea. Kumenya maboga alfajiri, kuyachemsha, kuyaponda, kuyatia unga wa mchele na kukoroga mpaka mkono uombe radhi, hayo aliyafanya tangu binti yake Yeojin hajaota meno. Kilichomtia wazimu ni swali. Kila siku ya Mungu lazima atokee mtu wa kumwuliza: "Mama mdogo, na wewe utafanya lini?"

Afanye nini? Macho, bwana! Hapa kwetu Seoul ukisema "nimefanya" hakuna anayekuuliza umefanya nini. Umekatwa kope, ukatiwa mkunjo, macho yakafunguka. Na Bunrye, kwa bahati yake mbaya, alikuwa na duka la uji katika kichochoro cha Sinsa, chini kabisa ya jengo ambalo kila ghorofa ni kliniki. Ya pili macho, ya tatu pua, ya nne taya, ya tano ngozi, na ya sita, yeye alikuwa akisema, ni ya kurekebisha walivyoharibu wa ghorofa za chini. Watu wetu wameshikilia kwamba uji wa boga hushusha uvimbe. Basi mtu akishapitishwa kisu, anateremka na lifti, uso umeumuka kama andazi, anaingia moja kwa moja kwa Bunrye.

Miaka ya mwanzo walikuja kama wezi. Kofia mpaka puani, miwani myeusi, skafu shingoni hata mwezi wa Julai, na mara nyingi hawakuja wenyewe, walimtuma dada au shoga. Ukiwauliza, wameanguka ngazini. Bunrye alisema ngazi za jengo lile zina chuki na wasichana tu. Kisha wakaanza kuja na mama zao, na hapo ndipo mambo yalipogeuka, maana jambo likishasimamiwa na mama mzazi limekuwa adabu. Kila Novemba, mtihani wa kuingia chuo kikuu ukimalizika, wasichana wa sekondari waliletwa kwa mikono na mama zao. Waliofaulu walipewa macho kuwa zawadi, waliofeli wakapewa ya kufutia machozi. Wakaja vijana wa kiume wanaotafuta kazi, kwa kuwa huku huombi kazi bila kubandika picha. Wakaja maharusi, wakaja mama wa maharusi. Kofia zikavuliwa, miwani ikawekwa mezani. Wakawa wanakula uji na nyuzi zikiwaning'inia kwenye kope, wanalinganisha mishono kama mafundi cherehani. "Ulifanyia wapi?" "Hapo juu. Na wewe?" Hakuna tena aliyeuliza kama umefanya. Waliuliza wapi.

Na yule asiyefanya ndiye akawa wa kutazamwa kwa jicho la pembeni, kana kwamba ana jambo analificha.

Bunrye naye hakujaliwa kunyamaza. Akimwekea msichana bakuli, lazima amchokoze.

"Kula. Haya, macho yako yalikuwa na kosa gani?"

"Yalikuwa madogo, mama mdogo."

"Ulikuwa huoni?"

"Nilikuwa naona."

"Basi!"

Msichana anacheka, mishono inamvuta, anashika uso na kumwomba jamani asimchekeshe. Kutoka mlango wa pili, Mama Gyuri muuza matunda anadakia: "We Mama Yeojin, hebu waache! Unawasema watu na boga lao ndilo lililokusomeshea mtoto. Wakiacha kuvimba wewe utakula wapi?"

"Nimesema nawafukuza? Nauliza tu!"

"Umeuliza miaka yote hiyo na jibu hutaki."

Mama Gyuri alikuwa na haki ya kusema, maana yeye alikwisha kufanya macho, akafanya na mifuko ya chini ya macho, akawa anatembea kichochoroni kidevu juu kama mke wa balozi. Hata wale wanawake wa kundi la kupanda milima siku za Jumapili, wenye kofia kubwa na mikate ya wali mgongoni, walikuwa wamemaliza wote. Katika picha za kileleni Bunrye ndiye pekee aliyeonekana amelala.

Lakini kukataa kwake hakukuwa kiburi. Sababu ilikuwa mama yake.

Bibi Okdan alikuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee kule Yangpyeong. Masikio yalikwisha kitambo. Ukipiga kelele sikioni anasikia maneno, lakini ni sauti ya nani hajui. Kumbukumbu nayo ilikuwa imemwagika kidogo kidogo. Amesahau mume, amesahau kijiji, Yeojin anamwita nesi. Aliyebaki ni Bunrye tu, na alimjua kwa jambo moja, yale macho membamba aliyomzaa nayo. Bunrye akichungulia mlangoni, ajuza anapiga kofi godoro. "Tundu la Kifungo! Umekuja!" Ndilo jina alilompa tangu utotoni. Na hapo ndipo anapokubali kula. Wengine wote, walezi, madaktari, Yeojin mwenyewe, hufumbiwa mdomo kama mlango wa benki Jumapili. Kwa hiyo karibu kila siku Bunrye alifunga duka mchana, akabeba chupa ya uji, akapanda treni kwenda kumlisha mama yake, la sivyo angekufa njaa katikati ya vyakula.

Zaidi ya hayo, Bunrye aliamini mama yake anayachukia mambo ya visu. Miaka ile Yeojin alipomaliza mtihani na kufanya macho, kwa ugomvi mkubwa, alipelekwa kumsalimia bibi yake, wakati huo akili bado zimo. Bibi Okdan alimtazama mjukuu kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Bunrye. Hakusema neno, akaondoka kwenda kuchambua maharage. Bunrye akajua ajuza amechukia. Tangu siku hiyo akaapa kwamba uso aliopewa na mama yake atarudi nao kaburini kama ulivyo.

Sasa kope zikaanza kumwangukia. Uzee hauna simile. Ngozi ikashuka, nywele za kope zikageukia ndani, zikawa zinamchoma jichoni mchana kutwa. Akawa analia bila msiba. Siku moja akatia chumvi mahali pa sukari, sufuria zima, na wateja wenye taya zilizofungwa bandeji hawakuweza hata kulalamika. Walimtolea macho tu. Daktari wa macho wa mtaani akamwambia hakuna dawa ya matone hapa, ngozi ile ipunguzwe. "Hata wewe?" Bunrye akamfokea. "Ebo! Nchi nzima imeshikwa na nini?"

Siku aliyotimiza miaka sabini, Yeojin alimwekea supu ya mwani mezani, na kando ya supu kadi ya miadi ya ghorofa ya pili. Siku hizi ndiyo zawadi ya mtoto mwema kwa mzazi. Zamani walinunua nguo za ndani za sufu.

"Sitaki," Bunrye alisema.

"Mama, hujasoma hata."

"Nimesoma kwa pua. Inanuka spiriti. Sitaki!"

"Mama, mwenzio naona aibu. Watu wananiambia, we Yeojin umefanya, mama yako umemwacha vile vile. Wanadhani mimi mchoyo."

"Waambie mama yako ana kichwa kigumu. Huo si uongo."

"Na kope zinazokuchoma?"

"Zinanichoma mimi, wewe zimekuuma wapi? Bibi yako asiponijua atakula kwa mkono wa nani? Wako?"

Mkono wa Yeojin ulikwisha kukataliwa. Lakini juma lile lile Bunrye alikosea ukingo wa jiko, uji unaotokota ukamshukia kifundo cha mkono, ngozi ikatoka. Mama Gyuri alikuja mbio na maji ya baridi na ulimi wake. "Haya! Mama yako hatakujua, sivyo? Na ukijichoma mpaka ukalazwa, nani atakwenda kumlisha? Acha ujinga, mwenzangu! Inua hizo kope."

Ndivyo alivyokubali, kwa masharti. Alipanda juu akiwa na aproni yake ya dukani ili pasiwe na mtu wa kudhani ameenda kutafuta urembo. Akamwambia yule daktari kijana, kidole kikiwa puani pake: "Punguza ngozi. Nywele zisinichome. Mkunjo sitaki. Nikitoka hapa nataka niwe mimi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Kuhusu sindano tusimsimange. Tangu utoto ilikuwa adui yake. Kijijini, siku ya chanjo, mama yake alimkimbiza shamba kwa shamba. Yeojin alimshika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Uvimbe ulipoanza kushuka, alijitazama kwenye kioo cha dukani. Akasogea. Mikunjo miwili, mizuri, imelala juu ya macho kama iliyochorwa na rula.

"Yeojin! Hii nini?"

"Ngozi ikipungua, Mama, mkunjo huja wenyewe."

"Usinifanye mtoto. Hii nini?"

Yeojin akatazama chini. "Nilimwambia daktari, kwa kuwa kisu kimeshafika hapo hapo..."

Jamani, mtu asikie yaliyosemwa siku ile! Bunrye alimwita kila jina. Alirusha mwiko. Alisema amezaa nyoka, amezaa mkoloni, amezaa meneja wa kliniki. Wateja wawili wenye pua za plasta walichukua mabakuli yao wakahamia nje. Yeojin alilia, akasema alitaka mama yake apendeze angalau mara moja maishani, kosa liko wapi, na hilo likamwudhi Bunrye kuliko yote.

Na kinachokera zaidi, alipendeza. Ukweli usemwe. Kichochoro kizima kilimpongeza. Wanawake wa milimani walimzunguka: "Ulifanyia wapi?" Nywele hazichomi tena, machozi yamekatika, akaona utando wa buibui kwenye dari ambao pengine ulimaliza miaka kumi ukimcheka. Alitaka kuchukia kwa moyo mmoja ikamshinda, naye alikuwa mtu asiyependa kufanya jambo nusu nusu.

Siku zote za uvimbe Yeojin ndiye aliyekwenda Yangpyeong, na kila mara alirudi na chupa ya uji imejaa. Walezi walikuwa wakimbembeleza ajuza kwa maziwa ya soya, anameza mafunda mawili, anauliza Tundu la Kifungo yuko wapi. Bunrye alipoweza kutoka alikimbia. Alichungulia mlangoni kama kawaida yake, akatabasamu, akangoja kofi la godoro.

Bibi Okdan alivuta shuka mpaka kidevuni. "Karibu, bibie," alisema kwa adabu. "Unamtafuta nani?"

"Mama, ni mimi! Bunrye!" alimpigia kelele sikioni.

"Bunrye ni mwanangu. Hajaja. Wewe unamjua?"

Alimwonyesha mikono. Alimwonyesha kovu la utotoni gotini. Alimwekea kijiko cha uji mdomoni, mdomo ukafungwa. "Asante, bibie. Nimeshiba. Namngoja mwanangu." Aliyasema hayo mifupa ya mashavu imetokeza na ngozi ya shingo inaning'inia. Mlezi wa zamu, mama mmoja Mkorea wa Yanbian kule China, alimvuta Bunrye pembeni akamwambia wazi kwamba bibi asipoanza kula watampitishia mpira puani, na kwa umri ule mpira ukishaingia hautoki.

Bunrye alirudi Seoul amesimama kwenye treni ingawa viti vilikuwepo. Alimchukia daktari. Alimchukia Yeojin, na Mama Gyuri, na mama wote waliowahi kuwaleta mabinti zao dukani kwake, na boga lenyewe. Alipofika kichochoroni hakwenda dukani. Aliingia duka la vipodozi pembeni akaomba utepe wa kope, ule mwembamba unaoonyesha mwili, ambao wasichana wadogo hubandika asubuhi kabla ya kwenda shule wapate mkunjo mpaka jioni.

Msichana muuzaji alimtazama. "Mama mdogo, huu ni wa kutengeneza mkunjo. Wako tayari upo, tena mzuri. Ulifanyia wapi?"

"Nataka kuufuta."

"Kuu... nini?"

"Kuufuta! Utepe si utepe? Unashika juu, unashika chini. Lete!"

Asubuhi yake alikaa mbele ya kioo na mkasi. Alivuta ngozi ya kope kwenda chini, akabandika. Ikaruka. Akabandika tena. Jicho moja likawa jembamba, jingine likabaki limeduwaa. Yeojin alisimama mlangoni akitazama, hathubutu kuingia, kisha akaingia. Alimtoa mama yake utepe mkononi bila neno, akaukata vipande vyembamba kama alivyokuwa akijikatia mwenyewe shuleni, akamwambia afumbe. Alibandika kwa subira, akiteremsha kidogo kidogo ule mkunjo alioulilia. Alipomaliza, kwenye kioo alikaa mama yake wa zamani.

"Usilie sasa," Yeojin alisema. "Ukilia utabanduka."

"Nani analia? Nipe chupa ya uji."

Safari hii alichungulia mlangoni amebana pumzi.

Kofi likapiga godoro. "Tundu la Kifungo! Ulikuwa wapi wewe? Njaa inaniua!"

Alikula. Alikula uji wote, akakwangua bakuli, akalamba kijiko, akauliza kama hakuna mwingine. Mlezi wa Yanbian alipita mlangoni akasimama kuangalia. Bunrye alimpangusa mama yake kidevu, moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu miadi ile, akijiambia kwamba atabandika utepe huu mpaka siku ya mwisho na asitokee wa kumwuliza. Bibi Okdan akamshika mkono akamvuta karibu, kama mtu mwenye umbea.

"Juzi alikuja mama mmoja hapa," alisema. "Sijui ni wa nani. Macho yake, mwanangu! Yamefunguka hivi, mazuri. Nilitaka kumwuliza alifanyia wapi, nikaona aibu."

Bunrye alikiweka kijiko ndani ya bakuli.

"Akija tena nitamwuliza. Nataka na wewe ufanyiwe."

"Mama, wewe hupendi mambo hayo," alimwambia sikioni. "Yeojin alipofanya ulinuna."

"Nani alinuna?" Sijui ajuza alilipata wapi jambo lile la zamani, yeye aliyesahau hata mumewe. "Nilitaka kukwambia na wewe nenda. Nikaona utasema mama ananiona mbaya, nikaenda kwenye maharage yangu. Macho haya nimekupa mimi. Shuleni walikucheka, ukarudi unalia. Ndipo nikakuita Tundu la Kifungo, ulizoee kwangu kwa mapenzi kabla hawajalisema wao. Maisha yote nakutazama, naumia. Nenda, mwanangu. Nimekuchelewesha mno."

Utepe wa jicho la kushoto ulianza kuachia. Bunrye alisema anakwenda msalani, akatoka upesi huku amefunika uso. Mbele ya sinki alilia kwa hasira. Miaka yote ile alilinda uso ambao mwenye kumpa alikuwa akiuonea huruma, na hakuna kati yao aliyefungua mdomo! Wote wawili walikuwa wapumbavu, akasema kwa sauti mbele ya kioo, wapumbavu wa kupindukia. Utepe wote ukabanduka. Alinawa, akajifuta, akarudi kuchukua bakuli lake, kwa kuwa bakuli lazima lioshwe.

Bibi Okdan aligeuza kichwa. Uso ukamchangamka.

"Ah, mama mwenye macho! Karibu. Pole, umechelewa kidogo tu, mwanangu alikuwa hapa sasa hivi. Mmepishana mlangoni."

Bunrye aliliweka bakuli chini. Akainama sikioni mwa mama yake. "Nimemwona," alisema. "Nimemwelekeza nilikofanyia. Amesema atakwenda."

"Amesema kweli?"

"Kweli."

"Ataogopa," Bibi Okdan alisema. "Huyo tangu utoto akiona sindano anakimbia. Tafadhali, bibie, umshike mkono."

"Nitamshika," Bunrye alisema, akavuta kiti akakaa.